"Inamilikiwa na mwanamke, mzawa wa Kusini": lile bango la Chuno na ugomvi wa kijiweni

Kuna dada mmoja hapa Mtwara, jina simtaji maana hajaniomba kumtangaza, ana ofisi ya chumba kimoja pale Chuno, feni inalia kama mbuzi, laptop mbili, kijana mmoja wa kuandika programu. Anafanya maketing ya kidigitali ila sio ile ya kuposti picha na kuandika "bei inbox" halafu ukimwuliza anakujibu kesho kutwa. Huyu katengeneza mfumo wake mwenyewe. Mteja akiuliza bei WhatsApp anajibiwa palepale hata kama mwenye duka yupo msibani, namba inaingia kwenye orodha, baada ya siku kadhaa anakumbushwa kwa meseji, na mwisho wa mwezi mwenye duka anaona ile hela aliyobusti Instagram imeleta watu wangapi na wangapi kati yao wametoa pesa.

Sasa juu ya mlango kaweka bango, na chini ya jina la kampuni kaandika "Inamilikiwa na mwanamke, mzawa wa Kusini". Maneno sita tu hayo, ila kijiwe kizima kimegawanyika. Kaka mmoja mwenye duka la simu anamwambia, "dada yangu, toa hayo maneno", unauza huruma, mteja anataka kazi hataki historia yako. Shangazi wa huyo dada naye, mama mtu mzima, anajibu yaache, mbona mwanaume akifungua kampuni hakuna anayeuliza bosi yuko wapi? Na kweli, huyu dada keshapigiwa simu si mara moja watu wanaomba "kuongea na bosi mwenyewe" wakati wanaongea nae.

Nianze na shangazi, maana upande wake una sheria nyuma yake sio hisia tu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na tangu 2018 jambo hili limo ndani ya sheria, sio tena hiari ya mkurugenzi. Halafu kuna ile ya manunuzi ya umma, taasisi za serikali zinatakiwa zitenge asilimia 30 kwa makundi maalumu, na wanawake wamo. Kwahiyo ukijisajili NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ukiwa kundi maalumu hujaomba hisani ya mtu, umechukua kilichoandikwa. Kaka wa duka la simu akisikia hivyo ananyamaza kidogo, anakunywa kahawa, halafu anauliza swali la maana: kwani amepata?

Hapo ndipo utamu unapoisha. Mkopo wa asilimia 10 kwa wanawake umeshonwa kwa kikundi, sio kwa mtu na kampuni yake. Akaunganika na wenzake, mmoja anafuga kuku, mmoja anauza vitenge, wawili wana mashine ya juisi, na yeye. Andiko la kuku linaeleweka, banda hili hapa, vifaranga hawa hapa, chakula mifuko kadhaa. La kwake likaandikwa seva, bando, mshahara wa mwandika programu miezi sita. Afisa aliyekuja kukagua miradi akauliza "wako uko wapi niuone?" akageuziwa laptop, akaangalia zile grafu, akasema hongera mwanangu, akapiga picha banda la kuku. Simlaumu sana mzee yule, fomu yake ilikuwa na sehemu ya kujaza idadi ya vifaa na laptop mbili hazijazi ukurasa.

Na kuna kingine watu hawakisemi. Mlango uliofunguliwa kwa tamko unaweza kufungwa kwa tamko. Mikopo hiyo hiyo 2023 ilisimamishwa, hela hazirudi, vikundi hewa, malalamiko kila kona, ikaja kuanza tena 2024 kwa utaratibu mpya. Ukiwa na kuku unaendelea kula mayai wakati unasubiri, ila ukiwa na mwandika programu anayetaka mshahara tarehe 30 utasubirije?

Wala sio kwetu tu. Marekani huko dada zetu weusi walikuwa na mfuko unaitwa Fearless Fund, uko Atlanta, ukawa unatoa ruzuku ya dola 20,000 kwa wanawake weusi wenye biashara ndogo. Agosti 2023 wakashitakiwa kwamba wanabagua, Juni 2024 mahakama ya rufaa ikaona hoja ya washitaki ina uzito ikazuia ruzuku isitolewe, Septemba mwaka huo huo pande mbili zikapatana na ule mpango wa ruzuku ukafungwa. Na sheria iliyotumika kuwabana ni ya 1866, ile iliyotungwa kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani waweze kuingia mikataba kama wengine. Nilisoma hiyo nikacheka peke yangu, ila sio cheko la furaha. Mtu aliyejenga biashara yake yote juu ya ile ruzuku siku ile aliamkia wapi?

Haya, twende kwa kaka. Hoja yake ni kwamba sokoni hakuna anayekuuliza wewe nani. Ni kweli na nimeona kwa macho. Nilikuwa ofisini kwa dada siku moja kabla ya Idi, akaja mama anayekaanga korosho Mikindani na kuzifunga kwenye pakiti, anataka wateja wake wa zamani watumiwe meseji. Kaandika mwenyewe kwenye daftari, nzuri tu, Idi njema, korosho zipo, bei hii, piga namba hii, mwishoni kachora ua. Akasema hilo ua liwepo, dada akaiandika yote kwenye simu, na ua la emoji mwishoni. Dada akamwambia mama, hapa una herufi kama 150, meseji moja inabeba 160, unalipia meseji moja, ila ukiweka hilo ua simu inahesabu kwa namna nyingine, meseji inabeba herufi 70 tu na zikiungana zinapungua tena, hii hii itakuwa meseji tatu kwa kila mtu. Mama akashtuka, "ua moja tu?" Ua moja. Akalifuta kwa kidole chenye unga wa chumvi, kioo kikachafuka, wakacheka wote wawili.

Pale mama wa Mikindani hakununua mwanamke wala hakununua Kusini, alinunua mtu aliyemwokolea theluthi mbili ya hela yake. Ndio hoja ya kaka hiyo.

Vilevile kuna suala la msimu. Kampuni za huko juu zinauza mifumo hii kwa malipo ya kila mwezi, kadi inakatwa unasahau. Huku ukimwambia mwenye duka la Tandahimba alipe kila mwezi atakulipa Novemba na Desemba halafu ikifika Machi namba yake haipatikani, sio mwizi, hana. Hela ya huku inakuja na korosho kuanzia Oktoba. Kwahiyo dada kapanga bei kwa msimu, unalipa ukiwa nayo, miezi ya kiangazi cha mfuko anakuhudumia kidogo kidogo. Na anajua kwamba mnada na hela kuingia kwa mkulima ni vitu viwili. Siku ya mnada watu wanashangilia bei, matangazo ya pikipiki na mabati yanamiminika, ila hakuna anayenunua maana malipo bado yapo njiani kupitia chama cha msingi cha ushirika. Yeye anasubiri asikie Newala wameanza kupanga foleni benki ndio anaachia meseji. Huwezi kulijua hilo ukiwa umekaa Masaki huko Dar na kiyoyozi.

Sasa ona, hapo ndio kaka anajichoma mwenyewe na hajui. Kama ujuzi wa msimu ndio bidhaa, basi "mzawa wa Kusini" sio huruma, ni maelezo ya bidhaa, sawa na kuandika "nazi za Lindi".

Na "mwanamke" je? Nilidhani hiyo ndio ya mapambo mpaka nilipokaa pale siku nzima. Ili kumuunganisha mteja kwenye mfumo inabidi umshikie simu, uingie WhatsApp yake, uone picha zake, meseji zake, vikoba, madeni, ugomvi wa ukoo. Wateja wake wengi ni kina mama. Nani kati yao atamwachia simu kijana wa kiume nusu saa, halafu mume apite? Mmoja alisema wazi, "wewe mwanangu nakupa, yule kijana wako wa programu hapana." Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, namba za watu sio mali yako ya kutawanya, na yeye kuna mtu alimletea orodha ya namba za michango ya harusi tatu akitaka watumiwe tangazo la saluni, akakataa, akapoteza mteja. Kuaminiwa huko ndio mtaji wake kuliko seva.

Tena kuna watu wanaongea kama vile mwanamke mwenye mali Kusini ni muujiza wa mradi wa mfadhili. Jamani, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo kwa asili ulihesabiwa upande wa mama. Na neno machinga linalotumika nchi nzima kwa mchuuzi ni jina la watu wa hapo Lindi. Biashara tunaijua, mtaji ndio wa kuungaunga.

Kwahiyo nikaona tatizo sio maneno sita, tatizo ni nani anayasoma. Mama wa Mikindani akiyasoma anaona mwenzake. Serikali ikiyasoma inaona kundi maalumu, sawa, ina faida na kero zake. Wapo wanaoyasoma wakaona stori. Hao ndio walimwita Dar kwenye kongamano, kilomita mia tano na ushee kwa basi, akapanda jukwaani akaeleza safari yake, makofi, picha, begi la kitambaa na kalamu. Alivyorudi meseji za wateja zilikuwa zimelala siku tatu maana kijana wa programu alikuwa na homa. Nikamuuliza walinunua huduma? Akanionyesha kalamu.

Wasomaji wabaya zaidi ni hawa wa nne, makampuni makubwa ya Dar. Kampuni moja ilitaka itumie mfumo wake kwa msimu mzima mikoa miwili, kazi nzuri kabisa, wakaona kwenye kotesheni yale maneno sita, jibu likaja la upole kwamba wanafurahi sana kusapoti wanawake wa mikoani, na kwakuwa yupo Mtwara gharama zake ni ndogo basi wanapendekeza nusu ya bei. Nusu! Mtu wa huku anaijua hiyo, inaitwa kangomba, unamfuata mkulima kabla ya msimu akiwa na shida unanunua kwa bei ya njaa. Hii ni kangomba ya kidigitali, tena na asante juu.

Eti gharama ndogo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ya Dar ikakatika huko Kilwa, magari yakalala njiani, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, mtandao nchi nzima ukawa wa kubembeleza. Mwenzake wa Dar alihangaika na moja, yeye alihangaika na yote mawili. Umeme ukikatika ana jenereta ya kuazima. Mwandika programu mzuri akimaliza kujifunza kwake anapanda basi anaenda Dar, anaanza na mwingine upya. Kuishi mbali kuna bei na anayeilipa ni yeye.

Mimi nilimwambia hivi, na kaka hakupenda na shangazi naye hakupenda: bango liache, pale mlangoni linaleta kina mama. NeST jaza kila kisanduku unachostahili bila aibu, ila usipange mshahara wa mtu kwa hela ya huko. Makongamano, uliza kwanza nauli nani analipa na nani mle ndani ananunua. Ila kotesheni ya Dar, dada, toa. Sio kwamba uone haya, ni kwamba mfanyabiashara anayesoma "wa Kusini" akatafsiri "wa bei rahisi" hastahili kuijua habari yako kabla hajalipa.

Shangazi akasema nimemfundisha mtoto kujificha. Inawezekana. Nililala nalo hilo neno siku mbili.

Kotesheni iliyofuata alitoa maneno, akaacha jina, anwani na bei, na bei yenyewe akapandisha juu ya ile ya kwanza. Wakavutana kidogo wakakubali. Nusu ya kwanza imeingia, nusu ya pili anaipigia simu kila Jumatatu, na kila Jumatatu wanamuuliza kama wanaweza kuongea na bosi.