Redio badilisha, soketi usiikate

Fundi aliingiza mkono nyuma ya dashibodi, akavuta soketi nyeupe ya plastiki, ile inayounganisha nyaya za gari na redio, akachukua plaizi na kuikata. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari. Nikamuuliza mbona anakata, akanijibu bila kugeuka: "Dada usiogope, wote tunafanya hivi. Dakika ishirini unaondoka na muziki wako." Na kweli, dakika ishirini hazikuisha redio ikawaka, skrini inang'aa, nikalipa na kuondoka nimefurahi. Madhara ya plaizi ile nilikaa nayo karibu miaka miwili.

Nayaandika haya kwa sababu wiki iliyopita jirani yangu amenunua gari lake la kwanza, na kabla hata ya bima akaniuliza wapi atapata fundi wa redio wa bei nafuu. Nilimwambia neno moja: badilisha redio upendavyo, ila soketi ya kiwandani isikatwe.

Kubadilisha kwenyewe hakuna ubaya. Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, lilikuja moja kwa moja kutoka Japani kama mengi tunayoendesha hapa Dar, na redio yake ilikuwa nzima kabisa ila haikutufaa. FM yetu inaanzia megahetsi 87.5 hadi 108. Ya Japani ilianzia 76 ikaishia 90, maana kuanzia 90 hadi 108 palikuwa pamekaliwa na chaneli za televisheni za analojia. Televisheni hizo zilizimwa mwaka 2011, na mwaka 2012 katika mikoa mitatu iliyopigwa na tsunami, ndipo baadaye FM ya kule ikasogezwa hadi 95. Sasa redio ya mwaka 2004 inakutana na masafa yetu kwenye kipande kidogo tu. Wasafi ya 88.9 unaipata, EFM ya 93.7 huipati, Times ya 100.5 ndiyo kabisa.

Wengine hununua ekspanda, kile kikopo kinachowekwa kati ya waya wa antena na redio. Kinateremsha masafa, tuseme kwa 12, kwa hiyo stesheni ya 100.5 unaitafuta kwenye 88.5. Ikiwa hapo hapo kuna stesheni nyingine yenye nguvu, zinaingiliana, unasikia mahubiri na taarabu kwa pamoja. Nilitumia ekspanda miezi mitatu nikaichoka. Na wenye redio za skrini ya ramani wana shida zaidi: nyingi ukichomoa betri mara moja tu zinafunga, zinadai kadi ya ramani au namba ya siri kwa Kijapani, na mwenye namba hiyo yuko ng'ambo na gari alishaliuza. Kwa hiyo watu wanabadilisha, na wana haki.

Ugomvi wangu uko kwenye nyaya.

Redio za dukani, za Kichina na za chapa kubwa, nyingi zinafuata utaratibu mmoja wa rangi. Njano ni umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Nyeusi ni hasi, inakwenda kwenye bodi ya gari, yaani chuma chake. Spika ziko jozi nne: nyeupe, kijivu, kijani na zambarau, kila waya na mwenzake mwenye mstari mweusi. Mtu akiyajua haya anajiona ameijua kazi. Lakini Toyota ina rangi zake. Kwa kawaida umeme wa betri unakuja kwa waya wa bluu wenye njano, wa ufunguo ni kijivu, hasi ni kahawia. Halafu nyeusi, njano, nyekundu na nyeupe, zile zile ambazo kwenye redio mpya tatu kati yake ni za umeme, kwa Toyota ni nyaya za spika za nyuma.

Hebu fikiria fundi anayeunganisha rangi kwa rangi. Nyeusi ya redio, ambayo ni hasi, anaipeleka spika ya nyuma kushoto. Kijivu ya gari, ambayo ina volti 12 kila ukizungusha ufunguo, anaiingiza kwenye kijivu ya redio, ambayo ni mlango wa kutolea sauti ya spika ya mbele kulia. Umeme unaingia pale ambapo ulitakiwa utoke muziki, na chipu ya amplifaya, ile inayokuza sauti ndani ya redio, inaweza kuungua. Mteja anaambiwa redio ilikuwa feki.

Wangu hakufanya kosa hilo. Alikuwa na taa ya kupimia, akautambua umeme na hasi. Ila njano na nyekundu alizifunga pamoja, zote kwenye umeme wa betri, kwa kuwa hivyo ni haraka zaidi. Maana yake redio haikujua ufunguo umetolewa. Skrini ikizimwa kwa kidole inalala, lakini ndani iko macho na inanyonya betri usiku kucha. Mwezi wa kwanza nilidhani betri imezeeka, nikanunua nyingine. Ya pili nayo ikaanza kukohoa asubuhi kila nilipoliacha gari siku mbili. (Kinyume chake nacho kipo: zote mbili zikifungwa kwenye umeme wa ufunguo, kila ukizima gari redio inasahau saa, stesheni na mipangilio yote.)

Sauti nayo ilikuwa na kitu nilichoshindwa kukieleza. Muziki unasikika, sauti ya mwimbaji ipo, lakini besi hakuna. Kama mtu anaimba ukutani. Nikabadilisha spika za mbele, pesa nyingine hiyo, na hali ikabaki ile ile. Kumbe spika ya kushoto ilikuwa imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Spika ya kulia ikisukuma hewa mbele, ya kushoto inaivuta nyuma, na besi zinauana katikati ya gari kabla hazijafika sikioni. Kwa plaizi huwezi kulikwepa kosa hilo kwa uhakika, kwa sababu ukishakata nyaya nane za spika mbele yako una rangi nane tu, hakuna pini ya kukwambia ipi ni ipi.

Kisha ikaja siku ya moshi. Tulikuwa tunatoka Bagamoyo, mwanangu amelala kiti cha nyuma, mchana wa jua kali. Nikasikia harufu ya plastiki inaungua, nikaona moshi mwembamba unatoka pembeni mwa redio. Nilisimamisha gari kando, nikamtoa mtoto kwanza, nikafungua boneti na kuchomoa betri kwa mikono inayotetemeka, maana terminali kwa bahati ilikuwa imelegea. Moto haukuwaka. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Gari lilivutwa hadi Ilala kwa mzee mmoja fundi umeme niliyeelekezwa. Kabla ya kugusa kitu alihakikisha terminali ya hasi haigusani na betri, akakaa kwenye kigoda, akatazama saa. Nilidhani amechoka. Akasema, "Mwanangu, humu kuna eabegi. Tunasubiri." Yaani ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Nimekuja kusoma baadaye kwamba vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa hasi, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe. Fundi wa kwanza alifanya kazi yote betri ikiwa imefungwa.

Mzee akang'oa fremu kwa kipande cha plastiki, taratibu, klipu moja moja, bila bisibisi ya chuma inayokwangua dashibodi. Akafungua boliti kwa spana namba 10, akaivuta redio na kunionyesha. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu. Kwa joto la gari lililoegeshwa juani, gundi ya solotepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama asali nyeusi, tepu zimetelezea upande mmoja, na waya wa umeme ulikuwa mtupu, unagusa chuma cha fremu. Fyuzi ilitakiwa ikatike hapo hapo. Mzee akaichomoa kutoka kwenye boksi la fyuzi la gari akaniwekea kiganjani: mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya wa shaba. Nimekihifadhi kile kipande. Kina urefu wa kucha ya kidole gumba.

Kazi yake ilichukua nusu siku. Alitafuta soketi ya pini kumi na ya pini sita kutoka kwenye gari lililochinjwa, zikiwa na mikia ya nyaya za rangi halisi, akazirudishia kwenye gari waya kwa waya, akalehemu kila kiungo na kukivalisha mpira unaobana kwa joto. Yaani alilirudisha gari lilivyotoka kiwandani. Kisha akachukua adapta, soketi ambayo upande mmoja inaingia kwenye soketi ya Toyota na upande mwingine ina nyaya za redio mpya, akaziunganisha zile mbili mezani, nje ya gari, kwenye mwanga, akiwa ameketi. Ndani ya gari alichofanya ni kuchomeka tu. Klik. Spika zote zikasimama mahali pake, besi ikarudi.

Adapta ile niliinunua Kariakoo kwa shilingi 15,000. Nikijumlisha betri, spika, kuvutwa kwa gari na malipo ya mzee, nilikuwa nimeshatumia zaidi ya bei ya redio yenyewe.

Najua mafundi watasema nini, nimeshajadiliana nao. Kwamba mteja hataki kusubiri, hataki kuongeza hata elfu kumi, na akiambiwa kuna adapta anadhani anapigwa. Ni kweli, na hilo ni letu sisi wateja. Tunatoa pesa nyingi kwa ajili ya skrini ya inchi tisa na maandishi ya "4 x 50W" kwenye boksi, halafu kwenye nyaya tunabana. Hizo wati 50 zenyewe, redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kuzitoa kwa sauti safi. Umeme wa gari ni volti 14 na kidogo injini ikiwa inaunguruma, na kwa spika ya omu 4 muziki safi unaishia wati ishirini na kitu. Ingekuwa heri pesa ya kukimbizana na namba hiyo iende kwenye soketi.

Wengine wanasema adapta hazienei kila gari. Kwa Toyota za Kijapani, ambazo ndizo zimejaa barabarani, zinaenea sana, kwa sababu Toyota imetumia soketi hizo hizo mbili kwa miaka mingi na kwa magari mengi. Hata tundu la redio ni hivyo hivyo. Kipimo cha redio za gari kilianza kama DIN ya Wajerumani na kikawa cha kimataifa, ISO 7736, mwaka 1984: upana wa milimita 180, kimo 50, au 100 kwa zile kubwa. Toyota wao tundu lao lina upana wa 200, ndiyo maana ukiweka redio ya kawaida inabaki nafasi ya kama sentimita moja kila upande. Vipo vipande vya plastiki vya kuzibia, bei ndogo, na vipo kwa sababu hiyo tu. Nimeona watu wamezibiwa kwa silikoni nyeusi. Inauma kutazama.

Kuna waya mmoja zaidi nataka kuusema, ule wa handbreki. Redio za skrini nyingi huwa nao ili video isicheze gari likiwa linatembea. Mafundi wengi huufunga moja kwa moja kwenye bodi ili redio idhani handbreki imevutwa muda wote, na wanaiona kama zawadi kwa mteja. Mzee aliniuliza ninautakaje. Nikamwambia aufunge panapohusika. Mwanangu anakaa nyuma yangu kila siku kwenda shule, na ninachotakiwa kutazama ni barabara.

Redio ya zamani sijaitupa. Iko kwenye boksi chini ya kitanda pamoja na boliti zake nne kwenye mfuko wa nailoni. Siku nikiliuza gari, mnunuzi akitaka ya kiwandani nachomoa hii, nachomeka ile, dakika chache tu. Anayenunua gari ambalo soketi imekatwa hana njia hiyo, na mnunuzi mjanja akichungulia nyuma ya redio akaona fundo la solotepu, bei inashuka papo hapo.

Jirani yangu nimemsindikiza jana. Fundi tuliyempata ni kijana, mchangamfu, ana karakana safi. Kabla jirani hajampa ufunguo nilimwomba atuonyeshe adapta atakayotumia. Akasema hana, ila anazijua rangi zote kwa kichwa. Tukamshukuru, tukageuza gari tukaenda Kariakoo kununua adapta kwanza.