Hedifoni ya Pikipiki Haichaguliwi kwa Mdundo

Kuna boksi nimeliona limeandikwa kwa herufi nono kwamba hedifoni zilizomo ndani zina "sauti ya kushinda upepo". Eti zimetengenezwa maalumu kwa waendesha pikipiki. Picha ya pembeni inaonyesha jamaa kainama juu ya tangi, kioo cha helmeti kiko juu, meno yote nje. Kampuni siitaji. Ila maneno yale yamenikera mpaka nimekaa kuandika, kwa sababu ndiyo ushauri uleule anaopewa kila anayeuliza avae nini ndani ya helmeti: chukua yenye besi nzito, chukua inayopiga kwelikweli, barabarani upepo ni mwingi bwana.

Kushinda upepo. Haya, tuone mshindi anapata nini.

Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, na helmeti nzuri tu ya kufunika uso mzima, kelele inayofika sikioni huwa karibu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 95 hadi 100, na kwa helmeti nyingine inapita hapo. Wengi hudhani ni injini au ekzosi. Ni upepo, na sehemu kubwa yake inatokea chini, pale ukingo wa helmeti unapokaribiana na shingo. Hewa inavurugika pale na kuanza kuunguruma. Kioo cha mbele cha pikipiki nacho, kikiwa na kimo kibaya, kinakurushia hewa iliyokwisha kuvurugika usawa wa kidevu, kwa hiyo unaweza kukuta umelipia kelele ya nyongeza. Helmeti ilitengenezwa ilinde fuvu. Masikio hakuna aliyeyaahidi kitu.

Sasa NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, wana kanuni rahisi: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Endelea hivyo hivyo kupanda, ukifika 97 umebakiwa na nusu saa, na 100 ni dakika 15. Robo saa! Hata safari haijanoga, na hapo muziki hujauwasha.

Ndipo anapoingia huyu wa kushinda upepo. Ili wimbo usikike vizuri katikati ya desibeli 100, lazima nao uwe jirani na 100, na anayependa kusikia maneno ataupandisha zaidi. Sauti mbili za 100 zikikutana hazitoi 200, zinatoa 103. Utasema tatu ni nini. Hizo tatu zimekula nusu ya dakika zako. Na huko ndani ya sikio, zile seli za vinyweleo zinazopokea sauti zikifa, kwa binadamu hazioti upya. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Unavua helmeti, sauti za watu unazisikia kama zinatoka chini ya blanketi, na kuna kijimlio chembamba "iiiii" kisichotoka popote. Mara ya kwanza kinaondoka usiku ukilala. Kuna watu kwao hakiondoki, na hao ukiwauliza habari za besi nzito wanakutazama tu.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "inapiga kiasi gani?" Uliza inaziba kiasi gani. Hedifoni ya ndani ya helmeti ni kizibo cha sikio kwanza, muziki baadaye. Kizibo kizuri kikikupunguzia desibeli 20 tu, zile 100 zinakuwa 80, na wimbo utausikia vizuri kabisa ukiwa kwenye hizo hizo 80. Jumla yake 83. Uko chini ya 85, unaendesha siku nzima, na unasikia hata gitaa la nyuma ambalo yule jamaa wa boksi hajui kama lipo. Sauti ndogo ndiyo inayosikika! Nashangaa kwa nini jambo hili halimo kwenye boksi lolote.

Kampuni zinazotengeneza hedifoni za wanamuziki wa jukwaani zimelijua hili zamani, maana mpiga ngoma na mwendesha pikipiki shida yao ni moja. Shure wanaandika hadi desibeli 37 kwa SE215 yao. Etymotic nao wana zile zenye ncha ya mpira ya ngazi tatu, zinazoingia ndani mpaka unajiuliza kama zitarudi. Sawa, takwimu za kampuni hupimwa katika mazingira matulivu na masikio yaliyozibwa inavyotakiwa. Wewe unayevaa haraka haraka huku rafiki anakupigia honi, punguza sehemu nzuri ya hiyo namba. Hata ukiikata nusu, bado umeokoka. Na si lazima uzinunue hizo. Hedifoni yoyote ya kuchomeka sikioni inaweza kubadilishwa ncha: toa zile za silikoni laini zilizokuja nayo, weka za sponji, zile zinazobinywa zikawa nyembamba halafu zinavimba taratibu ndani ya sikio. Angalia tu kipenyo cha kijishingo chake kabla ya kununua, kwa sababu hazilingani zote.

Na ukizipata, zivae inavyotakiwa. Naona watu wanaisukuma ncha ya sponji kama wanabonyeza kengele ya mlangoni, halafu wanalalamika haizibi. Ivingirishe kati ya vidole mpaka iwe nyembamba bila mkunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute kuelekea juu na nyuma, tundu linanyooka. Ingiza, kisha ishikilie pale pale kama nusu dakika bila kuiachia. Utasikia dunia inazama polepole, kwanza sauti nyembamba, halafu ngurumo, mwisho unasikia pumzi yako mwenyewe na meno yanavyogusana. Usipofikia hapo, haijakaa.

Najua kuna mtu tayari amekunja uso: ukiziba masikio utasikiaje honi? Utasikiaje king'ora? Hoja hii nimeisikia mpaka imenichosha, lakini nitaijibu. Kizibo kinapunguza honi, ni kweli, ila kinapunguza na upepo kwa pamoja. Kilichokuwa kikikuzuia kusikia honi ni upepo, na sasa vyote viwili vimeshuka bega kwa bega. Sikio lisilolemewa linavitenganisha vizuri kuliko lile linalopigwa desibeli 100 mfululizo. Anayeua honi ni muziki uliopandishwa. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mjini kwenye foleni, mwendo wa kutambaa, mambo ni mengine: upepo haupo, na ukiziba unapoteza sauti ya watembea kwa miguu na ya gari linalokujia ubavuni. Hapo zima muziki. Zitoe kabisa ikibidi. Foleni haihitaji wimbo.

Sheria nayo ina vituko vyake. Ufaransa tangu tarehe 1 Julai 2015 imepiga marufuku dereva kuvaa sikioni kifaa chochote kinachotoa sauti, wa pikipiki akiwemo, ila spika zilizofungwa ndani ya helmeti zinaruhusiwa. Yaani kile kinachokulazimisha kupandisha sauti juu ya upepo ni halali, kile kinachokuruhusu kuishusha ni kosa. California hairuhusu hedifoni kwenye masikio yote mawili, lakini mwendesha pikipiki anaruhusiwa kuvaa vizibo vya kukinga kelele alimradi havimzuii kusikia ving'ora na honi. Sheria ni sheria, usinilete mimi kwa askari. Mahali ulipo wakikataza, vaa vizibo vya kawaida visivyo na muziki, halafu funga spika za helmeti na uziongeze kidogo. Inashangaza jinsi sauti inavyopenya kizibo ikiwa safi, na wapo wanaopendelea hivyo hata pasipo na katazo.

Spika za helmeti peke yake, bila kizibo, nitazipa hili tu: kwa safari fupi za mwendo mdogo, au kuongea na abiria wako, zinafaa. Zikae sawasawa na tundu la sikio, kwani zikisogea sentimita moja au mbili sauti inapungua sana. Kwenye barabara kuu sizitaki.

Hedifoni za kupitisha sauti kwenye mfupa hazizibi upepo hata kidogo. Nimemaliza na hizo.

Zile zinazozima kelele kwa umeme zimetungiwa ngurumo tulivu ya ndani ya ndege, ile isiyobadilika. Ndani ya helmeti upepo unakuja kwa vishindo na kugonga maikrofoni zake, sponji ya shavuni nayo ikizifunika unaweza kusikia kimluzi cha ajabu. Kuna zinazojitahidi. Lakini usitoe pesa zako kwa ajili ya hiyo teknolojia kama ncha yake haizibi. Sponji ndiyo inayofanya kazi usiku na mchana na haihitaji chaji.

Baada ya kuziba kinachofuata ni umbo, na hapa hapana haja ya wataalamu. Ivae, kisha bonyeza kiganja kikiwa bapa juu ya sikio. Kiganja kikigusa hedifoni kabla ya kugusa sikio, helmeti nayo itaigusa, na itaendelea kuigusa safari nzima. Dakika kumi za kwanza utaona kawaida. Baadaye kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio kinaanza kuuma, maumivu madogo ya ncha moja, na hapo huwezi kuingiza kidole wala kufikiria kitu kingine. Zenye kijiti kinachoning'inia chini ni hasara tupu: ukishusha helmeti, sponji ya shavu inashika kijiti na kuisokota, ukifika haizibi tena sikio. Unachotaka ni iliyojificha yote ndani ya uvungu wa sikio. Hata hiyo, ukivaa helmeti ishike mikanda yake miwili uipanue nje wakati inapita masikioni, na kuivua vivyo hivyo. Kitambaa chembamba cha kufunika kichwa chini ya helmeti nacho kinasaidia, sponji inateleza juu yake badala ya kukwangua.

Vitufe vya kugusa! Nani aliwaza kwamba kitu kitakachobanwa na sponji kiwe na uso unaosikia kila mguso? Rafiki yangu mmoja, helmeti yake ilimpigia mama mkwe. Hedifoni ilikuwa imepangwa kwamba ukigusa mara mbili inapiga namba ya mwisho, na shavu la helmeti likagusa mara mbili. Mama wa watu akapokea, akasikia ngurumo na mtu anaimba kwa mbali, akasubiri kwa adabu akidhani mkwe ana jambo zito la kusema. Zima hiyo kitu kwenye programu ya simu kabla hujaondoka, na kama haizimiki, iache dukani.

Waya au bila waya? Mimi ni mtu wa waya na sioni aibu. Waya unapita juu ya sikio, unashuka mgongoni ndani ya koti, na ukivua helmeti kwa pupa hedifoni inabaki inaning'inia kifuani badala ya kuviringika chini ya lori. Lakini simu nyingi siku hizi hazina hata tundu la kuchomeka, na wenye miwani watasema waya na mkono wa miwani vinagombania nafasi moja juu ya sikio. Haya, nimesikia. Chukua isiyo na waya. Ila usije kuniuliza ya kushoto imekwenda wapi.

Usafi mnajua wenyewe. Sponji inayoshinda ndani ya sikio lenye jasho inachakaa, ikiacha kuvimba badilisha.

Lililobaki ni sauti uiweke kiasi gani. Iweke ukiwa umesimama, injini imezimwa, helmeti imevaliwa na kioo kimefungwa, ukiwa umeshaziba vizuri. Iwe ya kawaida, ile ambayo ungesikilizia ukiwa umekaa chumbani kimya. Halafu ondoka na usiiguse tena. Wimbo ukipotea ukiwa mwendoni, si kwamba umekuwa mdogo, ni ncha imelegea na upepo umeingia. Simama pembeni, vua helmeti, ivingirishe upya, vuta sikio, ishikilie mpaka ivimbe. Ndiyo, inachosha, hasa mvua ikinyesha na umeshavaa glavu.