Ilikuwa Spiriti

Kwanza kabisa, sikulia. Kevo amewaambia nililia. Ameweka kwenye grupu la chama, akaweka kwenye grupu la mtaa, na juzi mama mboga, mtu ambaye sijawahi kumsomea hata sentensi moja, ameniongezea nyanya mbili akasema, "Pole, ipo siku." Kwa hivyo nisikieni mimi mwenye kichwa.

Kwa wageni: mimi ndiye yule wa riwaya ya fundi cherehani wa Gikomba. Maneno 94,000. Ndiyo, kwa Kiingereza. Wale wa "mbona usiandike kwa lugha yetu" tutagombana siku nyingine. Miaka mitatu sasa natafuta wakala wa kuiuza, maana wachapishaji wengi wakubwa wa London na New York hawafungui mswada uliotoka moja kwa moja kwa mwandishi, na hapa Nairobi ukibisha na riwaya unaulizwa ni ya kidato cha ngapi.

Mama nilipomweleza alishangaa. "Miaka mitatu unatafuta wakala? Kwani pale stejini wote hawana floti?" Nikamwambia si wakala wa M-Pesa. Akauliza kama ni wa mashamba. Nikasema, mama, wa vitabu. Akanyamaza, halafu akasema atamwambia pasta.

Nina kaunta buku ya hii kazi. Maombi 61. Hapana 38. Kimya 21, na wengine wao wamekuonya mapema kwamba wiki 12 zikipita bila neno, hilo ndilo jibu. Mmoja alitaka nimlipe kwanza ndipo asome. Huyo nilimpiga mstari mwekundu, kwa sababu wakala wa kweli hula unapokula wewe. Na kila mtu na masharti yake. Wa Uingereza wengi wanataka sura tatu za kwanza na muhtasari. Wa Marekani anaweza kutaka kurasa kumi tu, zibandikwe ndani ya barua pepe, ukiambatisha faili haifunguliwi. Nambari 44 nilimwandikia nikamwita kwa jina la nambari 43. Alijibu kwa dakika nne, na ndiyo rekodi yangu.

Halafu nambari 61, mama mmoja wa London, akaandika. Amesoma yote! Angependa tuongee Jumatatu, saa tano asubuhi ya London, atanipigia video kwa WhatsApp.

Nilisoma ile barua pepe nikiwa nimesimama kwenye matatu, nikapitisha steji mbili.

Hesabu nilifanya vizuri sana. London tunawashinda kwa saa tatu. Saa tano jumlisha tatu ni saa nane mchana. Kevo alihakikisha, na Kevo ana diploma. Kitu ambacho sisi wawili hatukukumbuka ni kwamba Waingereza Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa zao mbele, tofauti ikabaki saa mbili. Sisi wa ikweta jua letu halina ubishi, linatoka saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, nani atakumbuka kwamba kuna watu hulihamisha? Na hiyo Jumapili ya mwisho ya Machi ilikuwa jana yake.

Basi Jumatatu saa sita na nusu niko kwa Maish kinyozi, mtaani Umoja, nimetulia kama bwana harusi. Mpango: ninyolewe, niende nyumbani nioge, nivae shati la buluu, nikae mbele ya rafu ya vitabu niliyoipanga tangu Ijumaa. Maish akatazama kidevu changu akasema mvi hizi Mzungu ataziona. Nikakubali nipakwe dai, ile rangi ya kuficha mvi. Ile dai kabla ya kuoshwa inakaa kwenye ndevu nzito, nyeusi, inang'aa kama kiwi ya viatu. Dakika kumi, akasema, na ngoja tuingie kichwani.

Simu yangu iko chini ya kioo, inachajiwa, na imeunganishwa na spika ya mlangoni kwa Bluetooth, kwa sababu Maish aliomba "weka rumba, leo siku yako." Kumbukeni hiyo spika. Ni ile kubwa ya magurudumu, ya kuita wateja.

Saa saba kamili. Upande wa kushoto wa kichwa changu umekwisha, ni upara mtupu. Wa kulia bado una nywele za miezi miwili. Rumba ikakatika. Spika ikaanza kulia triing, triing, mtaa mzima ukageuka. Mikono yangu iko ndani ya kitambaa, kitambaa kimefungwa shingoni, na nikiangalia kwenye simu naona jina lake.

Nikasema, "Maish, usi—"

Maish alishapokea.

Kitu cha kwanza ambacho wakala wangu wa ndoto aliona Nairobi ni tundu la pua la Maish. Cha pili kilikuwa dari. Halafu Maish, kwa heshima zote, akaiegemeza simu kwenye chupa ya spiriti, akaizungusha hadi nikaingia wote, akarudi nyuma kama mpiga picha wa pasipoti.

"Hujambo," akasema yule mama. Hakusema kwa simu, alisema kwa Umoja. Sauti ilitoka kwenye spika ikaenda hadi kibanda cha chipsi. (Alisema kwa Kiingereza. Nawatafsiria bure, sichukui asilimia.) "Nimekupigia wakati mbaya?"

Sasa nyinyi mngesema nini? Nilikuwa na nusu ya nywele na ndevu za kiwi. Nikasema, hapana, huu ndio wakati mzuri kabisa.

Akaanza. Amempenda fundi cherehani. Amependa ile sura ya mvua. Nyuma yangu kimya, kwenye benchi wamekaa Kevo, jamaa wa boda anayengoja zamu, na Mwalimu, mzee mstaafu ambaye huja kusoma Taifa Leo ya bure na hajawahi kunyolewa. Kwenye kioo niliona gazeti likishuka polepole.

Akafika kwenye malipo. Asilimia 15 ya mauzo ya Uingereza, asilimia 20 ya nchi za nje na tafsiri. Ni bei ya kawaida, mimi najua ni ya kawaida, iko kwenye kaunta buku. Jamaa wa boda hakuwa ameiona kaunta buku.

"Ishirini!" akaruka. "Boss, usikubali! Mwambie kumi, mkutane kwa kumi na mbili!"

"Wewe nyamaza," Maish akamwambia. "Mimi hapa mwenye kiti anachukua nusu na silii."

"Kuna watu hapo?" yule mama akauliza.

"Ni familia," nikasema.

Mwalimu akachukulia hilo kuwa ruhusa. Akasimama, akakunja gazeti, akaja hadi kwenye bega langu, akainama kuelekea simu, na kwa Kiingereza cha mkaguzi wa shule akauliza: "Madam, swali moja tu. Je, kitakuwa setibuku?"

Hebu muwaze mtu anayejaribu kueleza setibuku kwa mtu wa London akiwa amefungwa shingo. Mimi nilijaribu. Nilisema kwetu kitabu kikiteuliwa kutahiniwa, kila mtoto wa kidato cha tatu na nne hukinunua, na kwa Mwalimu kitabu ambacho hakitahiniwi ni kama kalenda. Akacheka! Naapa alicheka, na nikaanza kufikiri pengine tutapona.

Akauliza, kwa upole, nimeshajaribu mawakala wengine? Nilikuwa nimelifanyia mazoezi hilo swali. Jibu lilikuwa "wachache, kwa uangalifu."

"Sitini!" Kevo akapiga kelele kutoka benchini. Kwa fahari. "Na hakufa moyo!"

Hapo ndipo Maish, ambaye kazi ni kazi na mteja hakai na kichwa kibichi, akaona huu upande wa kushoto umekaa sana bila dawa. Akaivuta chupa ya spiriti. Ile ile iliyoshika simu. Simu ikalala chali, mama akabaki na dari, na Maish akamimina spiriti kwenye kiganja, akaipiga juu ya upara mbichi, pah. Mliowahi mnajua. Masikio yanaziba. Halafu nilifanya kosa la kuinamisha kichwa, ikatiririka kwenye paji la uso, ikaingia jicho la kushoto, na mikono, nakumbusha, iko ndani ya kitambaa.

Kevo, rafiki mwema, akainua simu akanielekezea usoni.

Machozi yanashuka. Yanapita kwenye dai. Dai inashuka nayo shingoni, mistari miwili myeusi, na mimi natetemeka midomo nikisema "nisamehe, nisamehe."

"Usiombe msamaha," yule mama akasema, na sauti yake pia ikalegea, na mtaa mzima ukamsikia. "Baada ya sitini, wengi hulia."

Nilitaka kumwambia ni spiriti. Nikafungua mdomo. Jamaa wa boda akaniwahi: "Madam, huyu mtu ameteseka!" Kwenye kibanda cha chipsi mtu akapiga makofi.

Yaliyobaki ni mafupi. Hajasema ndiyo. Anataka nusu ya pili ya riwaya niiandike upya, mke wa fundi asife mapema hivyo, kisha nimtumie yeye mswada tena, hakuna mkataba mpaka aone. Mwalimu anasema hata yeye alitaka kusema hivyo kuhusu mke, na hajasoma. Upande wa kulia ulimaliziwa, dai ilitoka Jumatano. Jioni hiyo hiyo mmoja wa wale kimya akakumbuka kunijibu. Sasa ni hapana 39.

Ila Kevo alipiga picha ya skrini. Nusu upara, mistari ya dai, jicho moja limefungwa. Imegeuzwa stika. Mtu akichelewesha mchango wa chama anatumiwa mimi. Jana asubuhi nimeamka nikakuta mama naye amenitumia, bila neno lolote, na dakika mbili baadaye akaongeza: pasta ameipenda.

Ilikuwa spiriti, jamani. Muulizeni Maish.