Je, jamii ya mhusika ndiyo iamue jukumu lake vitani?

Mchezaji anapofungua World of Warcraft au The Elder Scrolls Online, michezo ya video ya mtandaoni, kwa mara ya kwanza, huulizwa mhusika wake awe wa jamii gani, yaani binadamu au kiumbe wa kubuniwa kama Orc, kabla hata hajamwona adui. Miongoni mwa wachezaji wa Nairobi swali hilo huzua ubishi usiokwisha. Wapo wanaoshikilia kwamba jamii ichaguliwe kulingana na jukumu, yaani tanki anayepokea mapigo kwa niaba ya wenzake, mponyaji anayewarudishia uhai, au mshambuliaji anayemmaliza adui. Na wapo wanaosema kila mtu achukue sura inayompendeza, kwa kuwa vita hushindwa kwa ustadi. Kwa maoni yangu, ubishi huu unapotea njia pale kila upande unapotaja asilimia bila kuuliza kipawa chenyewe cha jamii kinafanya kazi ya namna gani.

Ushahidi wa wapenda hesabu, wale wanaochagua jamii kwa jukumu, ni mzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Katika World of Warcraft ya awali, iliyotoka mwaka 2004 na kurudishwa kwa jina la Classic mwaka 2019, binadamu alikuwa na pointi 5 za ziada za ustadi wa panga na marungu, naye Orc alikuwa nazo kwa mashoka. Pointi 5 zinaweza kuonekana si kitu. Lakini mbele ya bosi mkuu, ambaye huhesabiwa kuwa wa levo 63 ilhali mchezaji hapiti 60, takriban asilimia 40 ya mapigo ya kawaida ya upanga huteleza badala ya kuingia sawasawa, na pigo lililoteleza hupoteza wastani wa asilimia 35 ya nguvu yake. Pointi hizo 5 hushusha hasara hiyo hadi asilimia 15 hivi, na hupunguza pia mapigo yanayokosa kabisa. Mwenye kufaidika si mshambuliaji peke yake, kwa sababu tanki ambaye mapigo yake hayana uhakika hawezi kumshikilia bosi asiwageukie waponyaji walio nyuma.

Mfano wa makuhani wa Dwarf, jamii ya watu wafupi wenye ndevu, una nguvu zaidi. Mabosi kama Magmadar, Onyxia na Nefarian wana uwezo wa kuwatia wachezaji hofu hadi wakakimbia ovyo, na tanki akikimbia kikosi kizima huwa hatarini. Upande wa Alliance, mmoja wa pande mbili zinazopambana katika mchezo huo, kinga iitwayo Fear Ward ilikuwa mikononi mwa makuhani wa Dwarf pekee, kwa hiyo vyama, yaani vikundi vya wachezaji wanaopigana pamoja, viliwatafuta watu hao kwa bidii. Hapa jamii haikuongeza nguvu kidogo juu ya nguvu iliyopo. Ilileta jambo ambalo kuhani binadamu, hata awe hodari vipi, hangeweza kulifanya. Hata hivyo, wapinzani nao wana neno la kujibu: tanki aliyejua kubadili mkao wake wa kupigana na kutumia Berserker Rage, hasira inayozuia hofu, kwa wakati aliweza kujikinga mwenyewe, na kwa hiyo ustadi uliziba sehemu ya pengo hilo.

Hoja yao bora, hata hivyo, inahusu watengenezaji. Fear Ward ilikuja kugawiwa makuhani wote mwaka 2007, na yule aliyechagua Dwarf kwa ajili yake tu akabaki na ndevu. Ustadi wa silaha uliondolewa kabisa mwaka 2010, mwaka ambao pia Tauren, jamii yenye vichwa vya fahali, waliruhusiwa kuwa Paladin, yaani askari watakatifu. Mapema mwaka 2019 The Elder Scrolls Online iliandika upya vipawa vya jamii zake zote. Katika Final Fantasy XIV tofauti za jamii ni ndogo kiasi kwamba Lalafell, asiyezidi kimo cha mtoto, hubeba upanga mkubwa kumshinda na kuwa tanki bila mtu kulalamika. Anayejenga juu ya hesabu za mwaka huu anajenga kwenye kiwanja ambacho hati yake iko kwa mwingine.

Kuna pia pingamizi la kimaadili, ambalo limeufikia hata mchezo wa mezani uliozaa michezo hii yote: kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2024 ziliondoa nyongeza za uwezo kwenye jamii na kuziweka kwenye malezi ya mhusika. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa kwa nini wazo la mtu kuzaliwa na kazi yake linakera. Ninaliheshimu pingamizi hilo, ila sioni kwamba linamaliza ubishi wa jukumu, kwa sababu jamii isiyo na tofauti yoyote ya kiutendaji hugeuka kuwa vazi tu, na mchezo hupungukiwa na uamuzi mmoja wenye uzito.

Jambo ambalo miongozo mingi hailigusi ni mahali anapokaa mchezaji. Wengi wetu hucheza kwenye seva za Ulaya; amri ya kitufe hutoka Nairobi, hupita Mombasa na nyaya za chini ya bahari, kisha jibu hurudi njia hiyo hiyo, na jioni nyumba nzima inapogawana intaneti safari hiyo huwa ndefu zaidi. Tauren wa Classic ana vipawa viwili vinavyomfaa tanki: asilimia 5 ya ziada ya uhai, isiyohitaji kuguswa, na War Stomp, kishindo kinachowaduwaza maadui kwa sekunde 2 lakini ambacho chenyewe huchukua nusu sekunde kuandaliwa. Mtu aliye karibu na seva huvihesabu vyote viwili. Kwetu cha pili hufika kikiwa kimechelewa mara nyingi mno kukitegemea, ilhali uhai wa ziada haujui umbali. Vivyo hivyo kipawa cha jamii ya Breton katika The Elder Scrolls Online, ambayo uchawi wake hugharimu asilimia 7 pungufu, humsaidia mponyaji hata mtandao ukisuasua. Kwa hiyo mchezaji wa Nairobi anayenakili orodha ya jamii bora iliyoandikwa na mtu wa Frankfurt ananakili pia umbali wa mtu huyo.

Gharama nayo si ndogo. Kubadili jamii katika World of Warcraft hutozwa dola 25, yaani zaidi ya shilingi 3,000, fedha zinazozidi ada ya mwezi mzima ya mchezo wenyewe. Kiongozi wa chama anayejiandaa kwa mabosi wa Classic anaweza kumweleza tanki mapema, kabla mhusika hajaundwa, kwamba jamii fulani itakibeba kikosi vizuri zaidi. Kumwambia mshambuliaji aliyekwisha kufika levo ya mwisho alipe kiasi hicho kwa ajili ya asilimia 1 au 2, katika mchezo ambao hesabu zake zinaweza kuandikwa upya mwakani, ni dai ambalo sijaona hoja ya kulitetea.