Kabla ya Kuipaka Rangi Stesheni ya Tanga

Kila zinapotoka habari za bandari au bomba la mafuta, vijiweni Tanga mjadala unarudi palepale: stesheni ya zamani ya reli na mitaa ya katikati, Market Street na Independence Avenue, tuifanyeje? Upande mmoja unataka majengo yahifadhiwe, yapendezeshwe, watalii waje. Upande wa pili unasema yamekula chumvi ya kutosha, yavunjwe tupate maghorofa na maegesho. Wote wana hoja nzito. Ila wote wanaliruka swali la kwanza kabisa: humo ndani ataingia nani, na ukarabati ataulipia nani?

Nianze na wahifadhi, kwa kuwa ndio wanaobezwa zaidi. Ujenzi wa reli hii, ya kwanza kwa iliyokuja kuitwa Tanganyika, ulianza hapa mwaka 1893, mwaka uleule ambao Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Ilifika Muheza 1896 na Moshi 1911, umbali wa kilomita 352, na ikaufanya mji huu kuwa mlango wa mkonge. Novemba 1914, Waingereza walipokuwa wakiteremsha baharini askari waliotoka nao India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akiwashusha wake kwa treni kutoka Moshi. Waingereza walikuwa wengi kwa mbali, na wakapigwa. Hiyo ni historia ambayo mgeni anaweza kuonyeshwa kwa miguu tu, asubuhi moja.

"Hayo ni ya wakoloni," atakatisha mtu, na si kwamba amekosea. Lakini mkonge uliopita hapa kwenda melini ulikatwa na manamba, vibarua waliotoka mikoa ya bara, na reli iliendeshwa kwa jasho la Waafrika waliojua thamani yao. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na chama chao ambacho Christopher Kasanga Tumbo alikuwa kinara wake, waligoma karibu miezi mitatu. Mgomo huo huusikii sana watu wanaposifu "majengo ya Kijerumani". Stesheni ikihifadhiwa kwa ajili ya Wajerumani peke yao, hata mimi sitaililia ikivunjwa.

Hoja inayowatoa jasho wahifadhi ni ya fedha. Boma la zamani tayari limegeuzwa makumbusho, pale Urithi. Mgeni anayepita Tanga mara nyingi yuko njiani kwenda Pangani, Amani au Lushoto, na akipata saa mbili za kuzunguka mjini ni bahati. (Nasi tuliojipachika sifa ya "waja leo waondoka leo" tusijifanye kushangaa.) Makumbusho ya pili yatagawana na ya kwanza wageni walewale. Tena hata wageni wakijaa, si dawa ya kila kitu: Mji Mkongwe wa Zanzibar ni urithi wa dunia tangu 2000, watalii kila kichochoro, na bado sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Anayesema stesheni ya Tanga itajilipa kwa viingilio hajapiga hesabu.

Market Street ina mkasa wake, na ndio unaonisumbua zaidi. Mengi ya majengo yale yalijengwa na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi: duka chini, makazi juu, baraza yenye nguzo mbele ya kukinga jua. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Nia ilikuwa kumkomboa mpangaji, na wapangaji wengi walipata nafuu ya kweli. Lakini kodi ikabaki ndogo miaka nenda rudi, haitoshi hata kubadilisha paa. Mpangaji naye hana sababu ya kutia fedha yake kwenye jengo lisilo lake. Zilizonusurika mwaka ule, nyingine ziko mikononi mwa warithi waliotawanyika Dar, Uingereza na Kanada, ambao kukubaliana tu kama wauze au wasiuze ni kazi ya vikao.

Sogea ukutani kwenye yale ya zamani zaidi. Plasta ya saruji imetuna. Ukiigusa inadondoka vipande, na nyuma yake kuna mawe ya matumbawe na chokaa iliyolowana. Kuta za namna hiyo zinapumua: unyevu na chumvi ya bahari huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukizibandika saruji, unaufungia unyevu ndani, na jiwe linaoza taratibu huku nje kunang'aa. Kwa maneno mengine, ule ukarabati wa kupaka paka kila wakubwa wanapotembelea mji ni sehemu ya maradhi. Na mawe ya chokaa yamejaa Amboni hapo! Aliyeadimika ni fundi anayejua kuikoroga chokaa na kuipaka kama zamani.

Biashara nayo ilihama kwa sababu zake. Mabasi ya mikoani yako stendi ya Kange, kwa hiyo msafiri hapiti tena mjini kununua mkate wa ajemi wa kupeleka nyumbani. Wanunuzi wa kila siku wako Ngamiani, ng'ambo ya pili ya reli, kwenye zile barabara za namba. Ngamiani si pazuri kuliko Market Street, na bado huko watu wanagombea fremu na kulipana kilemba, fedha ya kuachiana nafasi. Wateja hawakufukuzwa na rangi iliyofifia.

Hapo ndipo wanaotaka kuvunja wanapopata nguvu. Ghorofa jipya lina lifti, lina maegesho, benki inalikubali kama dhamana. Nakubali. Ila maghorofa ya Kariakoo yanalipa kwa sababu Kariakoo inauzia nchi nzima na majirani. Tanga kodi ya fremu ikipandishwa hivyo, fundi cherehani wa barazani ataondoka, na atakayeweza kuchukua nafasi yake simuoni.

Upande wa reli, tusidanganyane. Treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi iliyorejea Desemba 2019, na kufika Arusha Oktoba 2020, inatumia kipande cha Ruvu–Mnyusi kilichounganishwa 1963, kwa hiyo inaelekea Korogwe bila kupita Tanga. Wapo wanaoota treni ya kubeba machungwa ya Muheza na mboga za Lushoto kutoka Mombo. Lori linaingia mpaka shambani na kuteremsha Kariakoo alfajiri. Chungwa halina haja ya kupakuliwa mara mbili. Treni ya Mwakyembe, ile ya mjini Dar iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilithibitisha mwaka 2012 kwamba reli nyembamba na mabehewa ya zamani vinaweza kubeba abiria wa mjini, lakini Dar ilikuwa na foleni ya kuwasukuma watu stesheni. Tanga foleni iko wapi? Watu wanapanda baiskeli.

Mshindani wa kweli wa stesheni ni kontena. Bandari imepata gati la mita 450 na kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13. Mizigo ikiongezeka, ardhi ya reli jirani na bandari itatakiwa, na uamuzi huo unaweza kupita ofisini bila kijiwe chochote kuulizwa. Kwa reli yenyewe, mzigo ndio uhai, na sitamlaumu anayeutanguliza.

Mimi naegemea kuhifadhi, lakini makumbusho sitaki. Yadi ibaki ya mizigo. Jengo la stesheni na ukanda unaotazama mjini vitengwe sasa, kwa maandishi, vikiwa bado mali ya Shirika la Reli, vipangishwe kwa mgahawa, ofisi na wauzaji wa kawaida, na ifunguliwe njia salama ya miguu ya kumtoa mtu Ngamiani mpaka Market Street. Stesheni iko katikati ya miji miwili iliyopeana mgongo. Wapita njia wa kila siku watailisha kuliko watalii wa msimu.

Kwa maduka, Shirika la Nyumba limpe mpangaji mkataba wa miaka kumi au zaidi, gharama ya ukarabati ikatwe kwenye kodi, kwa sharti kwamba kuta za zamani zipakwe chokaa. Anayetaka ghorofa ajenge nyuma, baraza la mbele libaki. Najua risiti zitapikwa, kwa hiyo mkaguzi wa majengo aende kukagua kabla senti haijakatwa. Na shirika litasema linafanya biashara, halitoi sadaka, jambo ambalo ni kweli. Basi Jiji nalo lisamehe ada za vibali vya ujenzi kwa majengo hayo, na tuanze na machache yaliyo karibu zaidi na stesheni tuone nani atajitokeza kuomba fremu.