Sensa ya floraidi ijaribiwe kwa maji ya kisima

Sensa za floraidi, yaani molekuli zinazobadilika rangi zikikutana nayo, zimeshatangazwa nyingi mno. Ukisoma sehemu ya vipimo, utakuta kadhaa zimejaribiwa ndani ya asetonitrili au DMSO, viyeyusho visivyo maji. Humo floraidi iko huru na ina njaa ya kujifunga popote. Kwenye maji, molekuli za maji huizingira na kuing'ang'ania, sensa ikakosa cha kushika. Arusha na Nakuru, ambako floraidi ya visimani ni tatizo, hakuna anayekunywa asetonitrili.

Mshindani wa kweli wa sensa hizo ni elektrodi ya fuwele ya lanthani floraidi, kifaa kinachosoma floraidi kwa milivolti, iliyoelezwa na Frant na Ross mwaka 1966. Kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita inakisoma bila taabu, ila nayo hudanganya ikipuuzwa bufa, yaani mchanganyiko wa kudhibiti pH ya sampuli. Kwa lita moja ya bufa: asidi asetiki isiyozimuliwa mililita 57, sodiamu kloraidi gramu 58, CDTA (kemikali inayoshika metali kama alumini) gramu 4, kisha sodiamu haidroksaidi hadi pH ifike kati ya 5 na 5.5. Sampuli na bufa huchanganywa nusu kwa nusu, katika vikombe vya plastiki. pH ikishuka mno floraidi hujifunga na hidrojeni. Ikipanda, haidroksaidi husomwa kana kwamba ni floraidi, na maji ya Bonde la Ufa mara nyingi yana magadi.

CDTA ndiyo watu hubana matumizi kwayo, na hapo ndipo pa hatari. Maji yaliyosafishwa kwa shabu na chokaa, kwa mbinu ya Nalgonda, huweza kubaki na alumini iliyoikamata floraidi. Elektrodi huona ile iliyo huru tu. Bila CDTA namba hushuka, mtambo wa kusafisha maji ukasifiwa, na floraidi bado imo kikombeni.

Viwango vya floraidi vya miligramu 0.5, 1, 5 na 10 kwa lita vinatosha kusawazisha elektrodi. Mteremko, yaani badiliko la usomaji, uwe kati ya milivolti 54 na 60 kila floraidi inapoongezeka mara kumi. Kosa la milivolti 1 tu ni kama asilimia 4, kwa hiyo weka kipande cha povu chini ya kikombe, kikorogeo kisipashe sampuli joto.

Mtafiti mwenye sensa mpya namwomba jaribio moja: aongeze miligramu 1 ya floraidi kwenye lita ya maji ya kisima chenye magadi, aandike ni kiasi gani kimeonekana. Rangi za kupendeza zije baadaye.