Paswadi ya Bingwa Iko kwa Nani?

Jumanne niliitwa ofisini kutafsiri neno "karibuni".

Si utani. Mimi ni msaidizi wa kocha wa mbio katika chuo kikuu kimoja huku Texas. Kazi yangu ni kushika saa, kuendesha gari la timu na kuhakikisha vijana wamekula. Lakini katika jengo lile mtu mzima anayejua Kiswahili ni mimi peke yangu, kwa hiyo ofisi inayosimamia kanuni za wanamichezo ikaniita, nikaonyeshwa kijivideo cha sekunde 19. Yumo msichana wetu wa mwaka wa kwanza, mtoto wa kwetu Bonde la Ufa, ameketi kwenye ngazi za bweni, jasho halijakauka, mkononi ana chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu na lebo ameigeuzia kamera. Anasema: "Nikitoka mazoezi nakunywa hii. Ni tamu. Karibuni."

Mama wa ofisi ile, mtu mpole kabisa, akasimamisha video. Hilo neno la mwisho lina maana gani? Nikamwambia ni kukaribisha watu. Akaandika. Anawakaribisha wapi? Nikasema popote, kwetu ukiwa unakula unasema karibu, hata kama sahani ni ya mtu mmoja na unaomba kimoyomoyo asije mtu. Akaacha kuandika, akanitazama. "Kwa hiyo hawaambii watu wanunue?"

Nimekaa huku miaka 11 na sijawahi kujiona mjinga kama siku ile, natetea adabu za mezani mbele ya fomu.

Lakini mama yule hakuwa na makosa, na ndiyo maana naandika. Tangu Julai 1, 2021, mwanamichezo wa chuo Marekani anaruhusiwa kulipwa kwa ajili ya jina lake na sura yake. Kabla ya hapo hata kuuza saini yako kwa mashabiki kungeweza kukutoa uwanjani. Leo anayeishi chumba kimoja na msichana wetu anaposti chupa ileile, kwenye ngazi zilezile, na analipwa. Tena mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Msichana wetu sasa yuko huku kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi. Kazi anayoruhusiwa ni ya humo humo chuoni, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na nje ya hapo mpaka awe na kibali. Ile "karibuni" ikisomwa kama tangazo la biashara, anaweza kuambiwa amefanya kazi bila ruhusa, na hilo haliishii kwa kocha, linakwenda hadi kwenye viza. Mwenzake anavuna pale pale ambapo yeye anaweza kupandishwa ndege.

Swali la pili lilikuwa la kilichomo ndani ya chupa. Hapo hata mimi nilikaa vizuri kwenye kiti. Mnajua kwa nini, hizi kesi za wakimbiaji wetu na dawa za kusisimua misuli. Siku hizi Mkenya mwenye miguu myembamba akionekana na chupa yoyote, hata iwe ya uji, bora uji uwe na lebo.

Basi akaitwa mwenyewe. Akaja na ndala, macho yamemtoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, nimefanya nini?" Nikamweleza. Akasema, "Lakini si mimi niliyeposti."

Na kweli si yeye. Video alikuwa amemtumia kwa WhatsApp mtu mmoja nyumbani ambaye humwita kocha. Huyo ndiye aliyemwona akikimbia mashindano ya shule za upili, akaandika muda wake kwenye daftari, akautuma hadi ukamfikia bosi wangu. Huyo huyo ndiye aliyemfungulia akaunti, akaweka picha, akaweka maneno ya Kiingereza ya kumsifu, akaikuza mpaka wafuasi 14,000. Msichana hajawahi kuijua paswadi.

Mama wa ofisi alirudia swali mara tatu, akidhani tatizo ni tafsiri yangu. Hii akaunti ni yako? Ndiyo, ni yangu. Basi unaweza kuifuta hii video sasa hivi? Hapana. Kwa nini? Kwa sababu haiko kwangu. Lakini umesema ni yako? Ndiyo, ni yangu.

Mimi nilikuwa naelewa kila neno. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba nilikuwa naelewa.

Maana huku jina la mwanamichezo ni mali yake, kama gari. Ukigonga nalo unaulizwa wewe. Siku za kwanza za muhula wanafungiwa ukumbini, wanaonyeshwa posti za watu waliokwisha kuungua. Kuna ile ya Aprili 2016, usiku wa kuchagua wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Dakika chache kabla, mtu aliingia kwenye akaunti ya Laremy Tunsil, kijana aliyetoka chuo cha Mississippi na aliyetarajiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa, akarusha video ya kijana huyo akivuta moshi kupitia barakoa ya gesi. Timu zikamruka moja baada ya nyingine, akachaguliwa wa 13. Kila hatua unayoshuka pale ni mamilioni. Kuna Kyler Murray pia, usiku aliposhinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa mpira huo vyuoni, mwaka 2018 watu wakafukua matusi aliyoandika akiwa na miaka 14 au 15, na mshindi akaanza ushindi wake kwa kuomba radhi. Vijana wanacheka, wanatoka, wanaposti. Lakini angalau wameambiwa, na wameambiwa kama wenye mali.

Kwetu je? Kwetu jina la mkimbiaji ni la ukoo, la shule, la kijiji, la aliyembeba kwa bodaboda kwenda mashindano, la mheshimiwa aliyepiga naye picha uwanja wa ndege. Kila mmoja ana kipande chake na kila mmoja anaposti chake. Likija la heri ni letu sote. Likija la shari, ghafla tunakumbuka kwamba msichana ana jina lake na la baba yake, na skrinishoti inafika kila kikundi kabla hajaamka.

Najua tayari kuna mtu anaandika: huyu amekula baga amesahau alikotoka. Ngoja kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa na chuo begi, viatu pea tatu na jaketi lenye nembo. Nikavivaa vyote kwa pamoja, kwenye joto la Agosti la Texas, nikasimama mbele ya gari la mwalimu ambalo hata sikujua ni la nani, nikapiga picha. Sikuandika lolote, niliweka kidole gumba tu. Kufikia jioni nilikuwa na maombi ya karo ya watoto wanne, bati za nyumba moja, na binamu aliyekuwa anauliza kama lile gari ni otomatiki. Mfukoni nilikuwa na dola 40. Kwa hiyo usinifundishe nilikotoka. Naongea kama mtu aliyewahi kuulizwa bei ya gari la mzungu.

Na mwingine atasema, kwa hoja nzito zaidi: huyo kocha unayemsema ndiye aliyemtoa. Tulichanga. Pasipoti tulichanga, ada ya SEVIS ya dola 350, ile ya kusajiliwa kama mwanafunzi wa kigeni, tulichanga, nauli tulifanya harambee, mama yake aliuza ndama. Leo awe na paswadi peke yake, kwani alipaa peke yake?

Hiyo sina jibu lake la haraka, kwa sababu tiketi yangu mimi pia ilikuwa ya harambee, na daftari la majina na kiasi alichotoa kila mtu liko kwa mama hadi leo. Shangazi aliyetoa shilingi 200 bado hunikumbusha, na ana haki. Lakini deni la tiketi hulipwa kwa pesa na kwa heshima. Halilipwi kwa kumwachia mtu mwingine mdomo wako. Huyo kocha alipoiposti ile video alikuwa na lake: anataka kuleta kile kinywaji auze Eldoret. Sawa, atafute riziki. Ila viza iliyowekwa rehani si yake.

Sasa msidhani nimewapigia Wamarekani magoti. Hawa nao wananichosha. Msichana huyu alipokwenda kuomba viza ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, alijaza majina ya akaunti zake zote za miaka mitano. Na tangu Juni 2025 anayeomba viza ya mwanafunzi anaambiwa afungue akaunti zake ziwe wazi kwa kila mtu, wamkague. Zikafunguliwa. Amefika huku, mtu wa kwanza kumpa mawaidha ni kocha wetu: funga akaunti yako, isiwe wazi. Wiki ya pili wakaja wa ofisi ya habari ya timu: mbona huposti, tunataka mashabiki wawajue! Nchi moja, sauti tatu, na kila sauti inamtolea macho mtoto wa miaka 19 aliyekuwa akichunga ng'ombe juzi, ambaye hasumbuki na lolote ila mbio za nyika za Ijumaa.

Na hiyo hofu yao ya posti si ya maadili kama wanavyojisifu. Ni ya hesabu. Kijana wetu wa mpira wa kikapu alijipiga picha kifundo cha mguu kimefunikwa barafu, kwenye chumba cha tiba. Iliondolewa kabla barafu haijayeyuka. Kwa nini? Kwa sababu tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iliporuhusu majimbo kuhalalisha kamari ya michezo mwaka 2018, kifundo cha mguu cha mwanafunzi ni habari ya soko. Mtu aliyebeti anataka kujua kama atacheza dakika zote. Na kijana akikosa mitupo miwili ya bure, anaingiliwa kwenye simu na watu wasiomjua, wanamtukania mama, wanamwambia wanajua anapolala. Kwetu sisi picha ya kifundo chenye barafu inapata "pole bingwa" mia nne na mtu mmoja anayeuza dawa ya kienyeji. Nisiseme uongo, pole zile huwa nazikosa. Ingawa wabetaji wetu nao, tukiachiwa mashindano ya vyuo, sijui kama tungebaki kwenye pole.

Mzee mmoja wa mbio huku alinisimulia habari za Henry Rono. Mwaka 1978 Mnandi yule, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, 10,000, kisha 3,000. Hakuna aliyejua asubuhi zile alikunywa nini. Habari zilifika nyumbani kwa redio na magazeti, tayari zimepikwa, na yeye kule Pullman hakuona hata komenti moja. Sisemi maisha yake yalikuwa mepesi, hayakuwa. Nasema tu siku 81 bila mtu kumwambia ageuze lebo.

Turudi kwa msichana. Ilikuwa saa tisa alasiri huku, kwa hiyo nyumbani saa tano usiku, na kocha hashiki simu. Ofisi ikatupa muda hadi asubuhi. Tulikaa kwenye ngazi zile zile za bweni, yeye anafanya hesabu za darasani, mimi napiga. Saa nne usiku, kule kunakucha, akapokea. Nilimsalimu kwa heshima zote, shikamoo ikarudiwa, nikamweleza polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema wazungu wana wivu na mimi ndiye mlango wao. Nilimwacha aseme. Mwishowe akaiondoa video, akaweka badala yake picha ya msichana akiwa amevaa sare za shule, na maneno: "Maadui ni wengi lakini Mungu ni mmoja." Ilikuwa na laiki 600 kabla sijafika nyumbani.

Jana msichana alinifuata uwanjani baada ya mazoezi, hakunitazama usoni, akauliza kama ninajua namna ya kubadilisha paswadi. Nikamwambia ni rahisi, bonyeza pale palipoandikwa umesahau. Akabonyeza. Ikasema namba ya siri imetumwa kwenye simu inayoishia na 47.

"Hiyo si yako?"

Akatikisa kichwa.

Tukampigia tena kwa laini ya kawaida, nikaweka spika. Yule dada tunayemjua sote akapokea kwa sauti yake tulivu: samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.